Nani Ana Akili ya Kupiga Kura?

  

Mara nyingi katika kurasa hizi tunazungumza juu ya chanjo, lishe, malaria na kunyonyesha. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo huenda ukashangaa kulikuta katika kijitabu cha afya. Jambo hilo ni kura.

Huenda ukauliza, muuguzi na kura wapi na wapi? Kumbuka mwaka wa 2013. Uchaguzi mkuu ulifanywa tarehe 4 Machi. Miezi 3 baadaye, mwezi wa Juni, serikali ikatangaza kwamba akina mama watajifungua bila malipo katika hospitali za umma. Uamuzi huo ulifanywa na watu waliochaguliwa. Dawa zilizo katika zahanati yako, barabara ya kufikia hospitali na shule ya mtoto wako, yote hupitia mikononi mwa watu waliopigiwa kura. Kwa hivyo asiyepiga kura huamuliwa na wengine mambo ya mwili wake mwenyewe.

Sasa kuna swali ambalo wazazi wengi huuliza kwa sauti ya chini, na wengine hawaliulizi kabisa. "Mwanangu ana ulemavu wa akili. Ametimiza miaka 18. Je, naye anaweza kupiga kura?"

Jibu ni ndiyo. Kuwa na ulemavu wa akili peke yake hakumwondolei Mkenya haki ya kupiga kura. Lakini ili ulielewe jibu hili vizuri, na uweze kulitetea mbele ya karani, jirani au hata ndugu zako, inafaa tutazame historia. Historia yenyewe inatuhusu sisi sote, si watoto wenye ulemavu peke yao.

ULEMAVU WA AKILI NI NINI?

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Ulemavu wa akili ni hali ambapo mtu hujifunza polepole kuliko wenzake, na huhitaji msaada zaidi ili kuelewa mambo na kujitegemea. Huanza utotoni. Sababu zake ni nyingi. Mtoto anaweza kukosa hewa ya kutosha wakati wa kuzaliwa. Anaweza kuugua homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani, au manjano kali ya watoto wachanga isiyotibiwa mapema. Anaweza kuzaliwa na maumbile tofauti, kama watoto wenye hali ya Down. Na mara nyingine sababu haijulikani. Si laana, si uchawi, wala si adhabu kwa mama.

Ulemavu wa akili si sawa na ugonjwa wa akili. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote, hata profesa, na mara nyingi hutibiwa kwa dawa na ushauri. Hali hizi mbili zimechanganywa kwa miaka mingi, na kama tutakavyoona, sheria yenyewe ilizichanganya.

Watu hawa si wachache. Katika sensa ya mwaka wa 2019, Wakenya karibu 900,000 wa umri wa miaka 5 na zaidi walihesabiwa kuwa na ulemavu. Kati yao, zaidi ya 200,000 walikuwa na ugumu wa kukumbuka au kumakinika. Si wote hao wenye ulemavu wa akili, lakini hesabu hiyo inatuonyesha kwamba mwanao hayuko peke yake.

WAKATI SISI SOTE TULIPOPIMWA AKILI

Sasa turudi nyuma. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria katika Kenya ya ukoloni ulifanywa mwaka wa 1920. Walowezi wa Kizungu walipiga kura, wanaume kwa wanawake. Mwafrika hakuwa na kura. Ilichukua hadi mwaka wa 1944 kabla ya Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, kuingia katika baraza hilo, naye aliteuliwa na serikali, hakuchaguliwa na watu.

Kwa nini Mwafrika alinyimwa kura? Wakoloni walisema hajakomaa. Walisema haelewi mambo ya serikali. Walisema atadanganywa kwa urahisi. Tafadhali yashike maneno hayo matatu, kwa maana tutakutana nayo tena.

Mnamo Machi 1957 Waafrika walichagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza. Viti vilikuwa 8. Waliochaguliwa walikuwa pamoja na Tom Mboya wa Nairobi, Oginga Odinga, Masinde Muliro, Ronald Ngala na Daniel arap Moi. Lakini si kila mtu mzima aliyeruhusiwa kupiga kura. Serikali iliweka masharti ya elimu, ya mapato au mali, na ya utumishi. Aliyetimiza sharti moja alipata kura moja. Aliyetimiza masharti zaidi aliweza kupata kura hadi 3. Kwa hivyo katika kituo kimoja, mwalimu aliweza kuwa na kura 3, na mkulima aliyemlisha mwalimu huyo asiwe na hata moja. Katika eneo la kati, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kwanza kuwa na cheti cha kuonyesha kwamba wao ni watiifu kwa serikali.

Hebu fikiria nyanya yako wakati huo. Alijua kulima, kuzalisha, kuhifadhi mbegu na kusuluhisha ugomvi wa ndoa. Lakini hakwenda shule, hakuwa na mshahara wala cheo. Kwa kipimo cha wakati ule, yeye hakuwa na akili ya kutosha kupiga kura.

Katika uchaguzi wa mwaka wa 1961 masharti yalilegezwa. Ilitosha mtu ajue kusoma na kuandika lugha yake, au awe na umri wa zaidi ya miaka 40, au awe na wadhifa, au apate pauni 75 kwa mwaka. Kipimo kilipungua, lakini kilikuwa bado ni kipimo.

Ndipo ukafika uchaguzi wa Mei 1963, uliotuletea Madaraka tarehe 1 Juni. Kwa mara ya kwanza kila mtu mzima aliruhusiwa kupiga kura, awe amesoma au hakusoma, tajiri au maskini, mwanamume au mwanamke. Mtu mmoja, kura moja. Mwaka wa 1974 umri wa kupiga kura uliteremshwa kutoka miaka 21 hadi 18.

Je, nchi iliharibika kwa sababu nyanya asiyejua kusoma alipiga kura? La. Nyanya alijua ni nani aliyejenga daraja na ni nani aliyekula pesa za daraja. Jambo hilo halihitaji cheti cha shule.

NCHI ILIJIFUNZA KUSAIDIA

Mama mpendwa, hapa ndipo penye funzo kubwa. Nchi ilipokubali kwamba wasiojua kusoma watapiga kura, haikuwaambia, "Basi kasomeni kwanza." Ilibadilisha karatasi. Iliweka picha na alama.

Unakumbuka jogoo wa KANU? Katika uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka wa 1992, jogoo alishindana na simba wa Ford-Kenya na taa ya chama cha Democratic. Mtu hakuhitaji kusoma hata herufi moja ili ajue simba ni yupi. Katika kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005, katiba iliyopendekezwa ilikuwa kitabu kinene ambacho hata waliosoma wengi hawakukimaliza. Wapiga kura walipewa ndizi kwa ndiyo, na chungwa kwa la. Mtoto wa shule ya chekechea aliweza kuvitofautisha. Na katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, tulitumia rangi: kijani kwa ndiyo na nyekundu kwa la.

Tangu uchaguzi wa 2013, mpiga kura hupewa karatasi 6: ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wa wadi. Sita ni nyingi, hata kwa aliyesoma. Ndiyo sababu kila karatasi ina rangi yake, na sanduku lina kifuniko cha rangi hiyo hiyo.

Yote hayo ni msaada. Hakuna aliyesema kwamba Mkenya aliyehitaji ndizi na chungwa hana akili. Tulisema kwamba njia ilikuwa ngumu, tukairahisisha. Mtu mwenye ulemavu wa akili anaomba jambo lile lile.

Tulijifunza jambo lingine pia, nalo ni thamani ya siri. Mwaka wa 1988, katika uteuzi wa KANU, wapiga kura walipanga foleni hadharani nyuma ya mgombea wanayemtaka. Tuliita mlolongo. Chifu aliona, mwajiri aliona, jirani aliona. Wengi walisimama mahali ambapo mioyo yao haikuwapo. Walioumia zaidi ni wale wanaowategemea wengine kwa chakula au kazi, kwa sababu hao hawawezi kumkasirisha mwenye nguvu. Mlolongo uliachwa, na 1992 tukapiga kura ya siri. Mtu mwenye ulemavu wa akili humtegemea mlezi kwa mengi. Kwa hivyo siri ya kura yake inahitaji kulindwa zaidi, si kidogo.

UKUTA ULIOBAKI

Basi, 1963 ukuta wa elimu ulianguka, na ukuta wa mali ukaanguka. Ukuta mmoja haukuanguka. Katiba ya zamani ilimweka nje mtu aliyetangazwa kisheria kuwa hana akili timamu. Maneno hayo yalitoka wapi?

Yalitoka mbali. Sheria ya zamani ya Uingereza iliwaweka pamoja wenye ulemavu wa akili na wenye kichaa, na kusema hawawezi kupiga kura. Wakoloni walipokuja huku walileta fikira hizo. Kwa mambo ya wagonjwa wa akili walitumia sheria iliyotungwa kwa ajili ya India mwaka wa 1858. Mwaka wa 1910 walifungua mahali pa kuwafungia wagonjwa wa akili Nairobi, ambapo leo ni Hospitali ya Mathari. Wakati huo shabaha kuu haikuwa tiba. Ilikuwa kuwaondoa watu hao machoni pa wengine. Sheria hiyo ya India ilifuatwa na sheria ya mwaka wa 1949, kisha Sheria ya Afya ya Akili ya 1989, ambayo ilirekebishwa mwaka wa 2022 ili kulinda zaidi haki za mgonjwa.

Nyumbani nako tuliiga. Mtoto mwenye ulemavu wa akili alifichwa wageni walipokuja. Hakuandikishwa shule. Ni mwaka wa 1984 ndipo serikali ilipoanza kufungua vituo vya kuwapima watoto wenye ulemavu na kuwaelekeza shule zinazowafaa, na mwaka wa 1986 ikaanzishwa Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, ya kuwafunza walimu wao. Kabla ya hapo, wengi walikua na kuzeeka bila jina lao kuandikwa mahali popote.

Lakini sasa sikiliza hili. Uingereza yenyewe, iliyotuachia kanuni hiyo, iliifuta kanuni yake mwaka wa 2006. Tangu hapo, kule hakuna mtu anayekosa kura kwa sababu ya hali ya akili yake. Wenye ukuta wamebomoa wao, sisi tumebaki tukiulinda wetu.

Ulimwengu nao ulisonga. Tarehe 13 Desemba 2006, Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Kifungu cha 12 kinasema watu wenye ulemavu ni sawa na wengine mbele ya sheria, na wapewe msaada wanaouhitaji ili kuamua mambo yao. Kifungu cha 29 kinazungumzia kura. Kenya iliuridhia mkataba huo mwezi wa Mei 2008.

Mwaka wa 2013, watu 6 wenye ulemavu wa akili kutoka Hungaria waliopeleka malalamiko yao kwa kamati ya mkataba huo walipata haki yao. Nchi yao ilikuwa imewafuta katika daftari la wapiga kura kwa sababu walikuwa chini ya walezi. Kamati ilisema huo ni ubaguzi. Tena ilisema hata kumpima mtu mmoja mmoja ili kuona kama anafaa kupiga kura ni ubaguzi, kwa sababu watu wengine hawapimwi. Fikiria vizuri neno hilo. Je, wewe umewahi kufanyiwa mtihani kabla ya kupewa karatasi ya kura? Mlevi wa kijijini je? Na yule anayepiga kura kwa sababu tu alipewa kilo ya sukari?

KATIBA YETU INASEMAJE LEO?

Katiba ya 2010, kifungu cha 38, inampa kila raia mtu mzima haki ya kuandikishwa na kupiga kura kwa siri. Kifungu cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na aitwe kwa jina lisilomdharau. Kifungu cha 82 kinataka sheria za uchaguzi zizingatie mahitaji ya watu wenye ulemavu.

Lakini kifungu cha 83 bado kina ule ukuta. Kinasema anayeandikishwa kuwa mpiga kura awe raia mtu mzima ambaye hajatangazwa kuwa hana akili timamu. Wanaotetea haki za watu wenye ulemavu wanataka maneno hayo yaondolewe, na ukweli ni kwamba hayapatani na mkataba tulioutia sahihi.

Hata hivyo, soma neno lenyewe: hajatangazwa. Tangazo la namna hiyo ni jambo la mahakama, baada ya kesi na ushahidi. Karani wa kuandikisha hawezi kulitoa kwa kumtazama mtu usoni. Chifu hawezi. Wakala wa chama hawezi. Jirani hawezi. Mimi muuguzi siwezi. Na wewe mama, ingawa ulimzaa, huwezi. Kama hakuna tangazo la kisheria, mwanao ni mpiga kura kama wengine.

SHERIA YA MSAIDIZI

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka wa 2003 ndiyo iliyosema wazi kwamba mtu mwenye ulemavu anaweza kuomba kusaidiwa kupiga kura na mtu anayemchagua mwenyewe. Ilisema pia kwamba msaidizi atafuata maagizo ya mpiga kura tu. Mwaka wa 2025 nafasi ya sheria hiyo ilichukuliwa na Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu. Kanuni za uchaguzi za mwaka wa 2012 zilieleza utaratibu wenyewe. Zishike hizi:

Msaidizi awe mtu mzima wa miaka 18 au zaidi.

Asiwe mgombea wala wakala wa chama.

Amsaidie mpiga kura mmoja tu, si kuzunguka na kundi la watu.

Kabla ya kuingia, atie sahihi fomu ya kuapa kwamba atatunza siri. Inaitwa Fomu ya 32.

Kama mpiga kura hakuja na mtu, msimamizi wa kituo ndiye atakayemsaidia, mbele ya mawakala wa vyama. Hapo siri inapungua, kwa sababu watu wengi watasikia. Basi ni heri mwanao aje na mtu anayemwamini.

KAZI YAKO WEWE MLEZI

Sasa tufike nyumbani. Haki iliyo katika kitabu haitembei yenyewe. Wewe ndiwe miguu yake.

Kwanza ni kitambulisho. Familia nyingi huwachukulia watoto wote kitambulisho wakifika miaka 18, ila yule mmoja. Husema, "Huyu ataenda nacho wapi?" Mama, kumbuka historia yetu sisi wanawake. Ni mwaka wa 1978 ndipo sheria ya kuandikisha watu ilipobadilishwa ili ihusu wanawake pia. Kabla ya hapo kitambulisho kilikuwa cha wanaume. Nao walisema mwanamke ataenda nacho wapi. Tafuta cheti cha kuzaliwa, nenda naye kwa chifu na ofisi ya uandikishaji. Kitambulisho kitamsaidia hospitalini na benki, si katika kura tu.

Pili ni kumwandikisha kuwa mpiga kura. Tume ya uchaguzi, IEBC, ina ofisi katika kila eneo bunge. Aende yeye mwenyewe, maana alama za vidole vyake huchukuliwa. Karani akimwuliza jambo, mpe mwanao nafasi ya kujibu kwanza, hata akichelewa. Akikataliwa, uliza kwa upole, "Ni sheria gani inayomkataza, na nani amemtangaza?" Ukikosa jibu, mwone afisa mkuu wa eneo bunge, au Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kuna pia vyama vya wazazi wenzako, kama KAIH, vinavyojua njia hizi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tatu ni kumfundisha kuchagua, na kazi hii huanza mapema. Mtoto ambaye hajawahi kuulizwa kama anataka uji au chai hawezi kujua kuchagua gavana akiwa na miaka 18. Muulize leo anataka shati lipi. Akichagua, liheshimu shati hilo, hata kama wewe ungependa lingine.

Nne ni habari. Msikilize redio pamoja naye. Mweleze kwa sentensi fupi, jambo moja kwa wakati mmoja. "Gavana ndiye mwenye hospitali yetu. Huyu anasema ataleta dawa. Yule anasema atajenga barabara." Tumia picha za wagombea zilizo kwenye mabango. Mweleze wote, si yule unayempenda wewe peke yake. Kisha muulize, na usimcheke akijibu.

Tano ni mazoezi. Chora karatasi yenye picha 3 na visanduku 3. Mfundishe kutia alama moja tu katika kisanduku kimoja, kuikunja na kuitumbukiza katika kopo. Rudia mara nyingi. Mweleze pia kwamba akiharibu karatasi kwa bahati mbaya kabla ya kuitumbukiza, anaweza kumrudishia karani na kuomba nyingine.

Sita ni siku yenyewe. Uchaguzi mkuu hufanyika Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti kila mwaka wa 5. Nendeni mapema, anywe chai kwanza, na achukue dawa zake kama ana kifafa. Foleni ndefu na kelele humchosha na kumtia hofu. Mwombe karani mpite mbele; wenye ulemavu, wajawazito na wazee huruhusiwa.

MSAADA UNAISHIA WAPI?

Hapa nitasema neno gumu, na naomba unisamehe likikuuma. Adui wa kura ya mwanao anaweza kuwa karani, anaweza kuwa mwanasiasa, na anaweza kuwa sisi wenyewe nyumbani.

Kuna mlezi atakayesema, "Mimi ndiye ninayemlisha, basi atapiga kura ninavyotaka." Kuna kaka atakayeona hii ni kura ya pili kwake. Huo ni wizi. Tukifanya hivyo tumerudi 1957, mtu mmoja na kura 2 au 3, na mwingine hana. Tena tunawapa nguvu wale wanaosema kwamba watu wenye ulemavu wa akili watatumiwa na wengine.

Jihadhari pia na wanaopita usiku wakinunua vitambulisho au kutoa pesa. Huanza na nyumba ambayo wanadhani yumo mtu asiyeelewa. Mfundishe mwanao kwamba kitambulisho hakiuzwi wala hakiachiwi mgeni.

Kusaidia ni kusoma majina, kuonyesha picha, kutuliza hofu, na kutia alama pale alipoonyesha yeye. Akionyesha kwa kidole, hilo ni jibu. Akitikisa kichwa, hilo ni jibu. Akibadilisha nia mlangoni, ni haki yake, hata wewe hubadilisha. Na akisema hataki kupiga kura, hilo nalo ni jibu.

Je, ikiwa ulemavu wake ni mkubwa sana, na hawezi kuonyesha chaguo lolote kwa njia yoyote? Basi usikisie. Hakuna anayeruhusiwa kumpigia mwingine kura kwa kukisia. Endelea kumtunza na kumpenda, na wewe tumia kura yako mwenyewe kuwachagua watakaomletea huduma. Lakini usiamue haraka kwamba hawezi. Wengi tuliowaita wasiojua kitu hawakuwahi kuulizwa.

TUKUMBUKE

Kabla sijakuaga, turudie machache.

Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili, wala hauondoi haki ya kura.

Ni tangazo la kisheria tu linaloweza kumzuia mtu, si maoni ya mtu mwingine.

Mwanao ana haki ya msaidizi anayemchagua mwenyewe, naye msaidizi hufuata anachoambiwa.

Kitambulisho kwanza. Bila hicho, mengine yote hayaanzi.

Na yale maneno matatu niliyokuomba uyashike: hajakomaa, haelewi, atadanganywa. Waliambiwa babu na nyanya zetu, nao wakapiga kura 1963 na nchi ikasimama. Ukiyasikia tena, yakisemwa juu ya mwanao, utajua yametoka wapi.

Mpe mwenzako kijitabu hiki akisome pia, hasa yule mwenye mtoto ambaye hatoki nje. Kama una swali, muulize muuguzi au mhudumu wa afya wa kijiji chako.

Hadi mazungumzo yajayo, nakutakia wewe na jamii yako afya njema. Kwaheri.